Futi Nne Kutoka Uzio

Karatasi ya kwanza ilisema: futi nne.
Futi nne kutoka uzio wa nyuma, futi nne kutoka ubavuni.
Basi Jumamosi mama alivaa gambuti za marehemu baba,
akachukua kamba ya kuanikia nguo,
akaenda uani kupima kwa hatua zake mwenyewe.
"Panatosha," akasema. "Kaburi la baba yako ni dogo zaidi
na hajalalamika."

Huu ni mji wa San Leandro, mtaa wa watu wa Azori
waliokuja kukamua ng'ombe na kujaza nyanya makoponi,
wakanunua nyumba za mbao kwa bei ya gari la leo.
Sasa serikali ya jimbo imegundua
kwamba nyuma ya kila nyumba kuna ua
na ndani ya kila ua kuna mtu anayeweza kulala.

Nikafungua daftari.
Mchoraji ramani: elfu kumi na nne.
Mhandisi wa matetemeko: elfu sita.
Kibali: elfu tisa na mia nne, pamoja na afisa wa dirisha la tatu
aliyetuambia kwa upole turudi Alhamisi
na ukurasa wa kumi na mbili uliosahihishwa.
Tukarudi Alhamisi. Yuko likizo.
Msingi, mbao, paa, nyaya: usiniulize.
Niulize mfereji wa maji taka.

Mfereji ulipaswa kupita chini ya mtini
alioupanda baba mwaka niliozaliwa,
na mkandarasi, Rubén Castañeda, mtu muungwana,
alivua kofia kabla ya kutaja bei:
kuukata mti, mia nane;
kuuzunguka, elfu kumi na moja.
Mama alinyamaza kama anayesikiliza redio ya chumba cha pili.
Kisha: "Zunguka."
Kalamu yangu ikatoboa karatasi.

Jirani, Wendell Ostrander, alikuja na tochi mchana kweupe
kutuonyesha kivuli chetu kitakapoziangukia nyanya zake.
Sheria iko upande wetu, nikamwambia.
Mama akanikanyaga mguu.
Akampelekea mkate mtamu uliofungwa kitambaa,
na dirisha la upande wake likapanda futi mbili juu,
liingize mwanga, lisiingize macho.
Hilo halikuwamo kwenye karatasi yoyote.

Miezi kumi na sita.
Dola laki mbili na elfu themanini na saba.
Benki ilishika nyumba kubwa rehani kwa ajili ya ndogo.
Nikakokotoa usiku: kodi nitakayopokea,
toa kodi nitakayolipa
(pacha hawa, mmoja huingia huku mwenzake akitoka),
toa riba, toa bima, toa mwezi mmoja wa chumba kitupu.
Fedha itarudi mwaka wa kumi na tisa.
Mama ana miaka sabini na minne.
Nikafuta, nikaanza upya.
Kumi na tisa.

Mkaguzi wa mwisho alipima vidato vya ngazi,
akaamsha kengele ya moshi,
akavuta maji ya choo mara mbili, akatia saini.
Nikamwonyesha mama orodha yangu ya wapangaji:
muuguzi wa zamu ya usiku, mwanafunzi, wachumba wawili na paka.
Hakuisoma. Alikuwa ameshabeba birika.
"Mpangaji ni mimi. Nyumba kubwa leteni watoto,
mmechoka kumlipa mtu wa Hayward."
Tulipanga mwaka mzima, kumbe yeye alipanga peke yake.

Kila tarehe mosi hupitisha bahasha chini ya mlango wa jikoni:
dola arobaini, noti za kumi, zimepigwa pasi.
Nikikataa, hununa wiki nzima.
Kwa hiyo naandika.
Kwa mwendo huu, bila riba,
fedha itarudi baada ya miaka mia tano tisini na nane.

Usiku, watoto wakishalala,
namsikia akivuta maji kule uani,
na maji yanateremka, yanafika penye mtini,
yanapinda.